Mpeni Bendera Mwenye Macho

Barabara ya vumbi ya kijijini haitunzwi na greda peke yake. Greda huja mara moja, mvua zikishakwisha, likapita na kuondoka. Wanaobaki na barabara mwaka mzima ni akina mama na vijana wa kikundi, wenye fyekeo, sururu, chepe na bero. Ndio wanaofyeka nyasi za pembeni, kuzibua makalavati, kusafisha mitaro na kuziba mashimo kabla hayajawa mahandaki. Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini, TARURA, ulianzishwa mwaka 2017 na unasimamia barabara zinazozidi kilomita 140,000. Sehemu ya kazi yake ya mikono hupewa vikundi vya kijamii, na mkoa wa Iringa ni mmoja wa mikoa ambako vikundi hivyo vinafanya kazi kwa bidii. Ninawaandikia hao hasa, wale wa Kilolo na Mufindi wanaofanya kazi kwenye udongo mwekundu, kwenye miteremko na ukungu, huku magari ya magogo yakiwapita. Lakini hata mwenye barabara ya tambarare Kahama au Ruangwa atapata lake humu.

Mtu akiinama mtaroni, mgongo wake uko barabarani na masikio yake yamejaa mlio wa sururu. Wakati huo hana macho. Kwa hiyo asubuhi, kabla ya kugawana zana, kikundi kijiulize kwanza: leo nani anatutazamia barabara? Swali hilo likijibiwa vibaya, kofia ngumu na vizibao vya kung'aa havitawasaidia sana.

Katika vikundi vingi bendera hupewa mtu aliyechoka, mzee anayeumwa mgongo, au binti aliyejiunga juzi na bado hajazoea jembe. Hufanywa kwa huruma, nami naielewa, lakini huruma hiyo inawaweka wengine wote hatarini. Mshika bendera anatakiwa awe na macho makali, masikio mazima, sauti inayofika mbali, na uthabiti wa kusimamisha hata gari la mkubwa wa wilaya bila kutetereka. Mpeni kazi hiyo aliye makini kuliko wote. Mlipeni sawa na mchimba mtaro, maana anafanya kazi nzito kama yake. Na mbadilisheni kila baada ya saa moja au mbili, kwa sababu macho huchoka mapema kuliko mikono. Akiwa zamu, simu yake iwekwe na mtunza zana, na asikae chini ya mti wala juu ya jiwe. Aliyekaa huchelewa kusimama.

Asimame wapi? Hapa hesabu kidogo inasaidia. Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa linapita karibu mita 14 kila sekunde. Likienda 80, linapita mita 22. Dereva anahitaji sekunde moja au zaidi ili aone, aelewe na kukanyaga breki, na baada ya hapo gari bado linateleza juu ya changarawe. Fuso lililojaa magogo kwenye mteremko wa Kilolo halisimami kama gari dogo. Kwa hiyo kibao cha kwanza cha tahadhari kiwe angalau mita 100 kabla ya watu wa kwanza, na kwenye mteremko au sehemu iliyonyooka ambako magari hukimbia, mita 200. Kama hamna futi ya kupimia, mtu mzima akipiga hatua 130 za kawaida anakuwa amekaribia mita 100. Mshika bendera asimame kati ya kibao na watu, pembeni ya njia, uso wake ukielekea magari yanakotoka. Asisimame katikati ya njia hata kidogo. Na kabla ya gari la kwanza kutokea awe ameshachagua atarukia wapi kama dereva hatasimama. Penye mtaro wenye kina nyuma yake, hapo si mahali pa kusimama.

Kazi ikiwa kwenye kona au kwenye mgongo wa mlima, umbali wa kibao upimeni kutoka pale dereva anapoanza kuwaona, si kutoka mlipo. Hili husahaulika sana. Mita 100 zilizofichwa nyuma ya kona hazimsaidii mtu yeyote.

Mkifunga upande mmoja wa barabara mnahitaji bendera mbili, na washikaji wake waonane. Wasipoonana, mtu wa tatu asimame katikati awe anapokezana nao ishara. Msitegemee simu, maana mabondeni mtandao hukatika. Ipo njia ya zamani isiyohitaji betri: fimbo moja tu. Mshika bendera wa upande huu anampa fimbo dereva wa gari la mwisho analoliruhusu, dereva anaikabidhi upande wa pili, na mpaka fimbo ifike, upande huo haufunguliwi. Madereva huizoea siku ya kwanza tu, na wengi huifurahia kwa sababu wanajua hakuna gari litakalowakuta uso kwa uso.

Bodaboda yuko mbali na utaratibu huo. Hapangi foleni. Akiona magari yamesimama, anapita begani mwa barabara, ambako ndiko nyinyi mmeinama. Msiupange mwili wa mtu mahali ambapo pikipiki inaweza kupenya. Ama zibeni upenyo huo kwa koni, mawe yaliyopakwa chokaa au matawi yanayoonekana vizuri, ama mwachieni njia yake mkiijua, na mshika bendera ampigie filimbi kila anapopita. Magari ya magogo nayo yana hatari yake. Kichwa cha gari kikishapita kwenye kona, mikia ya magogo hufagia bega la barabara kwa upana ambao mtu hakuutarajia. Likija gari la magogo, kila aliye upande wa nje wa kona aache zana na apande ukingoni mpaka lote lipite.

Kubalianeni kuhusu filimbi. Mlio mmoja mrefu maana yake gari linakuja, inueni vichwa. Milio mitatu mifupi maana yake tokeni barabarani sasa hivi, acheni hata jembe. Fanyeni zoezi hilo asubuhi ya kwanza ya mkataba mpaka mwanakikundi mzito kuliko wote awe anatoka bila kuuliza. Filimbi ya mshika bendera isichezewe, na mtoto asipewe.

Yapo mambo ya hapa kwetu ambayo kibao hakiyatatui. Miezi ya Juni na Julai ukungu wa Mufindi hukaa mpaka jua lipande. Kama hamwoni kibao chenu wenyewe kutoka mlipo, dereva naye haoni, basi ngojeni. Saa moja ya kungoja si hasara. Kwenye barabara inayokwenda mashariki na magharibi, jua la asubuhi na la alasiri humpiga dereva machoni, na hapo kizibao cha rangi ya machungwa hupotea kabisa. Wakati wa kiangazi vumbi la gari la kwanza hulificha la pili, kwa hiyo bendera isishushwe mpaka vumbi litue. Siku ya mnada jioni madereva na waenda kwa miguu wengine wamekunywa. Siku hiyo malizeni mapema.

Kuhusu mavazi nitasema machache, kwa sababu mnayajua. Vizibao vya kung'aa vikiwa vichache, wa kwanza kuvaa ni washika bendera, kisha walio karibu na njia ya magari. Gambuti ziwe za kila mtu anayeingia mtaroni. Yeboyebo na katambuga zina raha yake nyumbani, lakini fyekeo likiteleza, vidole ndivyo vinavyolipa. Akina mama wanaopenda kujifunga kitenge wavae suruali ndani na kukifunga kifupi, maana ncha ya kitenge hunasa kwenye bero na kwenye miba. Hakuna spika za masikioni kwa mtu yeyote, hata kwa wimbo mmoja.

Kwenye kufyeka, mtu na mwenzake watengane hatua nne au tano, na wasitazamane. Fyekeo hurusha kokoto, na mpini uliolegea hurusha fyekeo lenyewe. Kila asubuhi tikiseni mipini. Kabla ya kuingia kwenye nyasi ndefu, tangulizeni fimbo ndefu mkipiga nyasi na kukanyaga kwa kishindo. Nyoka wengi watakimbia, isipokuwa kifutu: huyo hujilaza palepale akitegemea rangi yake, ndiyo maana huwauma wanaoingiza mkono au mguu bila kutazama. Mtu akiumwa, msimchanje, msinyonye jeraha, msifunge kamba ya kubana damu, na msipoteze muda na jiwe la nyoka. Mlazeni, mvueni pete na viatu, fungeni kiungo kilichoumwa kwenye kijiti kama mnavyofunga mfupa uliovunjika ili kisitikisike, kisha mpelekeni hospitali. Na ulizeni mapema, siku ya kusaini mkataba, ni kituo gani kilicho karibu chenye dawa ya sumu ya nyoka, kwa sababu si kila zahanati inayo. Jibu liandikwe kwenye jalada la daftari la mahudhurio.

Kalavati lililoziba mlifungue kuanzia upande maji yanakoelekea, yaani kule chini, mkipanda kwenda juu. Mkianzia juu mnayakusanyia maji tope mbele yenu, na siku likifunguka ghafla litamkuta mtu katikati. Tope mlitupe upande wa bondeni, mbali na bega la barabara, kwa sababu likiachwa begani mvua ya kwanza italirudisha lote mtaroni na kazi yenu itakuwa bure. Kabla ya kuingiza chepe, tazameni na kusikiliza. Nyuki hupenda makalavati makavu. Wakiwamo, msichome tairi humo ndani. Mwiteni mfugaji nyuki wa kijijini, naye atafurahi kupata kundi. Wakiwashambulia, kimbieni mbali mkifunika uso, kisha kwanguleni miiba kwa ukucha haraka.

Mtu asiingie ndani ya kalavati kwa kutambaa. Najua vijana wembamba hutumwa humo, na najua wengi hutoka salama. Lakini mle hamna pa kugeukia. Hewa huweza kuwa mbaya, pete za zege zilizopasuka huweza kuporomoka, na mvua iliyonyesha mlimani msikoiona huweza kufika wakati mtu amelala kifudifudi. Tumieni reki yenye mpini mrefu, au pitisheni kamba yenye ndoo ikivutwa huku na huku. Kama haifunguki, mwambieni fundi wa TARURA, hiyo imeshavuka kiwango cha kikundi.

Wakati wa kuweka pete mpya, kumbukeni uzito wake. Pete moja ya zege yenye kipenyo cha sentimita 60 na urefu wa mita moja huweza kuzidi kilo 350. Haibebwi kwa nguvu za vijana na kelele. Iteremsheni kwa kamba mbili zilizozungushwa kwenye mti imara au kwenye mitaimbo iliyochimbiwa, watu wakiwa juu, na asiwepo mtu hata mmoja upande wa chini. Atakayetaka kuielekeza atumie mtaimbo kutoka pembeni. Pete ikianza kukimbia, iacheni ikimbie. Pete iliyovunjika itatengenezwa nyingine.

Sasa nifike kwenye shimo la moramu, ambalo naliogopa kuliko magari. Kikundi kinatafuta changarawe ya kuziba mashimo, kinakwenda kwenye kilima chenye moramu nzuri, na kinaanza kuchimba chini kwa sababu hapo ndipo ilipo laini. Siku ya tatu ukuta umefanya pango, na juu yake kuna paa la udongo lenye nyasi na mizizi, linaonekana imara kabisa. Watu wanapumzikia humo mchana kwa sababu kuna kivuli. Mita moja ya ujazo ya udongo ina uzito wa tani moja na nusu au zaidi. Udongo huo ukishuka hautoi onyo, na aliyefunikwa kifuani hawezi kupumua hata kama kichwa chake kiko nje.

Chimbeni kuanzia juu mkishuka kwa ngazi, kila ngazi isizidi kimo cha kiuno. Ukuta uegemee nyuma, usisimame wima. Magari yasipakie juu ya ukingo. Baada ya mvua, asishuke mtu mpaka msimamizi azunguke juu akitafuta nyufa, maana ufa ulioko hatua mbili nyuma ya ukingo unaonyesha ukuta umeshaamua kuondoka. Mkikuta pango lililochimbwa na wengine, libomoeni kutoka juu kwa mtaimbo mrefu kabla ya kuchukua hata bero moja. Na ikitokea ukuta umemfunika mtu, msirukie wote pale, kwa sababu ukuta wa pili mara nyingi hufuata. Mmoja aangalie juu, wachache wachimbe kwa mikono wakianzia kichwani na kifuani, na mwingine apige 114 kwa Zimamoto na Uokoaji huku akituma pikipiki kituo cha afya. Kazi ikiisha, pande za shimo zilazwe na maji yatolewe njia, ili watoto wa kijiji wasipate bwawa la kuogelea msilolikusudia.

Na moramu ikishapakiwa, watu wasipande juu yake. Lori lenye mzigo, watu juu ya mzigo, sururu na machepe kati ya miguu yao: hilo nimeliona kwenye kila barabara niliyowahi kupita, na sina neno jepesi la kulisema. Zana zifungwe zikisafiri na mzigo. Watu watembee, au gari lirudi kuwachukua likiwa tupu, wakiwa wamekaa chini. Dereva akikataa kurudi, msimamizi ana haki ya kulikataa gari lake.

Wachache wenu huitwa kusaidia viraka vya lami. Lami ya moto huweza kupita nyuzi 150, na maji yakiingia ndani ya pipa lake huumuka na kuruka juu. Kwa hiyo ndoo ya maji isikae karibu na pipa, na kokoto zilizolowa zisitupwe humo. Lami ikimshika mtu, mwageni maji safi ya baridi juu yake kwa dakika 20. Msiibandue, msisugue kwa petroli, wala msipake dawa ya meno. Hospitali itaitoa.

Vikundi vingi hufanya kazi kwa kipande: kila mtu anapimiwa mita zake, akimaliza anakwenda shambani kwake. Ni utaratibu mzuri, unampa mama muda wa kurudi kwa watoto. Ubaya wake ni kwamba wenye nguvu humaliza saa nne wakaondoka, na wanyonge hubaki peke yao wakiharakisha huku bendera imeshakwenda nyumbani. Wekeni sharti kwamba washika bendera ndio wa mwisho kuondoka. Na kipande cha mjamzito au mzee kipimwe kwa uwezo wake, mbele ya wote, ili pasiwe na manung'uniko ya chinichini. Anayenyonyesha apewe muda na mahali, na watoto wakae na mlezi mmoja anayelipwa, mbali na barabara, si kwenye kivuli cha lori.

Maji ya kunywa yafike kabla ya zana. Mtu anayechimba juani anahitaji lita kadhaa kwa asubuhi moja, anywe kidogo kidogo kabla kiu haijamshika. Mkojo ukiwa mzito wa rangi ya chai, ameshachelewa. Akiacha kutoka jasho, akaanza kuongea ovyo, mpelekeni kivulini, mlowesheni maji mwili mzima, mpepeeni, na mtafute usafiri wa hospitali. Na tuseme wazi kuhusu ulanzi, pombe ya mianzi. Msimu wake ni mvua, na mvua ndiyo inayozibua mashimo na kuwaita nyinyi barabarani. Aliyekunywa asubuhi arudishwe nyumbani bila kelele na bila matusi, akatwe siku hiyo, kesho apokewe. Asipewe hata kazi ya kulinda zana.

Mambo ya makaratasi huwachosha wengi, ila yana uzito wake. Sheria ya ununuzi wa umma inatenga asilimia 30 ya ununuzi wa taasisi za umma kwa makundi maalumu, yaani wanawake, vijana, wazee na watu wenye ulemavu, na hapo ndipo vikundi vingi vinapopata mlango. Mkiingia mlango huo, bei yenu ibebe vizibao, gambuti, vibao, koni, sanduku la huduma ya kwanza na siku za mshika bendera. Kikundi kinachoshusha bei kwa kuondoa vitu hivyo kinajipunguzia mwenyewe. Kama mnafanya kazi chini ya mkandarasi, Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri awape vifaa vya kinga bila kuwakata malipo. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, unachangiwa na mwajiri kwa ajili ya anayeumia au kufa kazini. Mwulizeni kabla ya kuanza kama amewasajili, na kama kikundi ndicho chenye mkataba, ulizeni nani anahesabika kuwa mwajiri wenu. Kila tukio liandikwe kwenye daftari siku ileile: tarehe, saa, mahali, aliyeumia, walioona. Hata jeraha dogo la fyekeo. Bila maandishi hayo, madai ya fidia huwa magumu sana kuyathibitisha.

Kabla ya kuondoka jioni, mwenyekiti na mshika bendera wa mwisho watembee kipande chote kwa miguu. Lundo la moramu lililoachwa njiani usiku, hata dogo, humwangusha mwendesha pikipiki asiye na taa nzuri, kwa hiyo lisawazishwe, au lisogezwe nje ya bega na kuwekewa alama zinazong'aa. Mfereji uliokatwa barabarani usilale wazi. Jiwe lililozuia tairi la lori liondolewe. Na vibao vya tahadhari viteremshwe vyote mahali palipokwisha kazi, kwa sababu dereva anayekuta vibao visivyo na watu kwa wiki nzima hatapunguza mwendo siku mtakayokuwa mmeinama pale.